Vifaa vya nyumba janja vya kampuni tofauti: mwongozo kamili wa kuviweka chini ya programu moja

Swali linalorudi kila mara ni lile lile, sura tu ndiyo hubadilika: "Taa nimenunua Kariakoo, plagi nimeletewa kutoka Dubai, spika ni ya Google, kamera ilikuja na fundi. Kila kimoja kina programu yake na spika inasema haioni kitu." Anayeuliza huwa ameshaamini kwamba ameuziwa kimeo. Mara nyingi kifaa ni kizima kabisa. Kinachokosekana ni makubaliano kati ya kampuni zilizovitengeneza, na makubaliano hayo huamuliwa na watu wa biashara zaidi kuliko mainjinia.

Mwongozo huu ni wa kazi moja: kuchukua vifaa ulivyonavyo tayari, kuviweka vyote kwenye programu moja, na kuhakikisha vinaendelea kutii umeme ukikatika na kurudi. Fuata mpangilio. Wanaokwama wengi wameruka hatua ya 3 au ya 4, kisha wanahangaika na hatua ya 6.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu janja yenye Bluetooth inayofanya kazi na nafasi ya kupakua programu mbili tatu.
- Rauta inayokaa nyumbani muda wote, iwe ya faiba au ya laini ya simu. Hotspot ya simu yako haifai: ukienda kazini, unaondoka na mtandao wa nyumba nzima.
- Nenosiri la Wi-Fi, pamoja na nenosiri la kuingia kwenye mipangilio ya rauta. La pili mara nyingi limeandikwa kwenye stika chini ya rauta yenyewe.
- Maboksi ya vifaa. Kama umeshayatupa, piga picha stika zilizo kwenye vifaa, hasa zenye msimbo wa QR.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, kama utagusa swichi za ukutani.
- UPS ndogo (betri ya akiba) ya rauta. Soma kwanza adapta ya rauta yako inatoa volti ngapi na ampea ngapi, ndipo ununue inayolingana.
- Karatasi na kalamu. Usizidharau, hatua ya 1 inazitegemea.

Spika janja sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Usiinunue mpaka umalize hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Jua kila kifaa kinazungumza lugha gani

Andika vifaa vyote, na mbele ya kila kimoja andika mambo mawili: kinatumia redio gani, na kinasimamiwa na programu gani.

Redio utakazokutana nazo ni chache. Wi-Fi ndiyo imejaa Kariakoo, kwa sababu haihitaji kitu kingine zaidi ya rauta. Zigbee na Thread hutumia umeme kidogo sana, ndiyo maana utazikuta kwenye sensa za mlango na vitufe vya betri, lakini zote mbili zinadai kifaa cha kati, yaani kitovu, cha kuziunganisha na mtandao wa nyumbani. Z-Wave ni nadra hapa, na huwa inakuja kwenye mzigo wa ndugu aliye nje. Hiyo iangalie kwa makini: Z-Wave ya Marekani hutumia masafa ya 908.42 MHz na ya Ulaya 868.42 MHz. Sensa ya upande mmoja na kitovu cha upande mwingine havitasikilizana hata uviweke meza moja.

Matter siyo redio. Ni lugha ya pamoja inayopita juu ya Wi-Fi, Thread au waya wa mtandao. Amazon, Apple na Google walikubaliana kuijenga mwaka 2019, na toleo la kwanza likatoka Oktoba 2022. Kifaa chenye Matter kina alama ya vishale vitatu vinavyoelekeana, na msimbo wa QR wenye tarakimu 11 chini yake.

Sasa programu. Vifaa vingi visivyo na jina kubwa, vile ambavyo boksi linasema jina usilowahi kulisikia, ndani vina mtambo wa Tuya, kampuni ya China inayouza teknolojia yake kwa viwanda vingine. Dalili ni kwamba karatasi ya maelekezo inakuelekeza kupakua Smart Life au Tuya Smart. Ukigundua taa, plagi na rimoti ya AC zote ni za Tuya, kazi yako imepungua nusu, hata kama maboksi yana majina matatu tofauti.

Ukimaliza, karatasi yako haina mstari wowote wenye "sijui". Kifaa kikikushinda, tafuta namba ya modeli kwenye stika yake, si kwenye boksi.

## Hatua ya 2: Chagua kambi moja

Hapa ndipo mkakati wa kampuni unapokugusa mfukoni. Google, Amazon na Apple hawategemei sana faida ya balbu. Wanataka ukae ndani ya mfumo wao: ukishazoea programu yao na familia ikazoea spika yao, simu na huduma zijazo utazichukua kwao. Kwa hiyo kila mmoja huamua nani aingie kwake na kwa masharti gani, na masharti hayo hubadilika. Google ilinunua Nest, kampuni ya vifaa vya nyumba janja, mwaka 2014, na mwaka 2019 ikatangaza kufunga mpango uliokuwa unaruhusu vifaa vya kampuni nyingine kuungana na Nest. Revolv, kitovu kilichonunuliwa na Nest, kilizimwa Mei 2016 na wenye nacho wakabaki na boksi lisilo na kazi. Seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa hivi, zilizimika ghafla Aprili 2022, watumiaji hawajaambiwa kitu.

Kwa nyumba nyingi za Dar ushauri wangu ni huu:

Kama simu za nyumbani ni Android na vifaa vingi ni vya Tuya, nenda Google Home. Inapokea Smart Life bila gharama, kwa kuunganisha akaunti tu. Alexa ya Amazon nayo inapokea.

Kama wote mnatumia iPhone, Apple Home ni nzuri na tulivu, ila mlango wake ni mwembamba. Inapokea kifaa chenye HomeKit (mfumo wa Apple wenyewe wa vifaa vya nyumbani) au Matter pekee. Balbu ya kawaida ya Kariakoo haitaingia kwa kuunganisha akaunti, hata ubembeleze vipi. Utahitaji pia HomePod (spika ya Apple) au Apple TV ikae nyumbani ili uweze kuwasha vitu ukiwa nje.

Kama una mchanganyiko mkubwa na hupendi kutegemea seva za watu, ipo Home Assistant. Ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi sebuleni kwako, na inaelewa karibu kila kitu. Lakini inataka mtu anayependa kuchokonoa. Kama ndani ya nyumba hakuna mtu huyo, iache.

Chagua moja, iandike juu ya karatasi. Baada ya hapo ndipo ununue spika au kitovu cha kambi hiyo. Na kama una kifaa chochote cha Thread, hakikisha kitovu chako kina Thread ndani: HomePod mini inayo, Nest Hub ya kizazi cha pili inayo, Echo ya Amazon ya kizazi cha nne inayo. Nest Mini haina, ingawa inaelewa Matter. Wauzaji wengi hawajui tofauti hiyo, kwa hiyo usiwaulize, soma modeli.

## Hatua ya 3: Tengeneza Wi-Fi

Kama ningeruhusiwa kuchapa hatua moja tu kwa herufi kubwa, ingekuwa hii.

Vifaa vingi vya bei nafuu hutumia Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake. Rauta za siku hizi hutoa 2.4 na 5 GHz kwa jina moja, simu yako inakaa kwenye 5, kifaa kinatafuta 2.4, na programu inazunguka hadi muda unaisha. Ingia kwenye mipangilio ya rauta utenganishe majina: moja ya 2.4, nyingine ya 5. Wakati wa kuunganisha, simu ikae kwenye ile ya 2.4. Hata baadaye ndiyo utakayoitegemea, kwa sababu kuta zetu za tofali za saruji huimeza 5 GHz haraka.

Ukiwa humo humo, kagua mambo mengine:

Usalama (aina ya ulinzi wa Wi-Fi) uwe WPA2. Vifaa vya zamani kidogo havielewi WPA3 na havitakwambia sababu.

Jina la mtandao na nenosiri viwe vya herufi na namba za kawaida. Nafasi na alama za ajabu huvishinda vifaa vingine.

Zima kipengele kinachozuia vifaa vilivyo kwenye Wi-Fi moja kuonana. Mtandao wa wageni huwa na kizuizi hicho, kwa hiyo usiweke taa zako huko.

Usizime IPv6 (mfumo mpya wa anwani za mtandao) ndani ya nyumba. Matter inaitegemea, hata kama mtoa huduma wako hatumii.

Mwisho, kikomo cha vifaa. Rauta za mfukoni za laini ya simu nyingi hukubali vifaa vichache, mara nyingine 10 tu. Hesabu simu za familia, runinga, kompyuta, kisha taa. Kifaa cha 11 kikikataa, usikilaumu.

Na siri moja inayookoa siku nzima: ukibadilisha kampuni ya intaneti, ipe rauta mpya jina lile lile na nenosiri lile lile la zamani. Vifaa vyote vitarudi vyenyewe.

Utajua umefanikiwa ukisimama na simu mahali kifaa kitakapokaa, kwenye jina la 2.4, na ukurasa ukafunguka bila kusuasua. Kama chumba cha mwisho hakishiki, sogeza rauta katikati ya nyumba kabla ya kufikiria kununua kirudisha mawimbi.

## Hatua ya 4: Umeme, kabla hujachomeka chochote

Umeme wetu ni volti 230. Soma stika ya kila kilichotoka nje. Kikisema 100–240V, salama. Kikisema 120V, usikichomeke, hata kwa kubadilisha umbo la plagi tu. Kigeuza umbo hakipunguzi volti.

Plagi janja ya ampea 10 inabeba kama wati 2,300. Hita ya maji ya wati 3,000 inavuta ampea 13. Ukiiweka hapo, plagi itayeyuka polepole na huenda isikate. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi ni hatari kwa njia nyingine: mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Hita na pampu ziachie fundi, afunge kontakta (swichi ya mzigo mkubwa inayoendeshwa kwa umeme), kisha kifaa janja kiamuru kontakta.

Swichi za ukutani zina mtego wake. Nyumba nyingi zimefungwa waya wa laivu tu kwenye kasha la swichi; nyutro imepita darini kwenda kwenye taa. Swichi janja nyingi zinahitaji nyutro ili redio yake isilale taa ikizimwa. Mwambie fundi azime meni swichi, afungue kasha moja na akuoneshe. Kama nyutro haipo, nunua aina isiyohitaji nyutro, na kubali kwamba inaweza kuja na kapasita ndogo ya kufungwa kwenye taa. Bila hiyo, taa za LED hupepesa zikiwa zimezimwa. Swichi ya Marekani usiilete kabisa. Ni ndefu na nyembamba, kasha letu ni la mraba.

Kwa balbu, angalia tu kama kishikio chako ni cha pini au cha kuzungusha. Kwa taa za nje huko Mbezi Beach, Masaki au Kigamboni, chumvi ya bahari inakula haraka. Tafuta kiwango cha IP65 (kinga dhidi ya vumbi na maji) au zaidi.

## Hatua ya 5: Anza na programu ya mtengenezaji

Unganisha kila kifaa kwanza kwenye programu yake. Inaonekana ni kazi ya ziada, lakini marekebisho ya programu ya ndani ya kifaa hupitia huko, na vifaa vingine havitulii bila marekebisho hayo.

Washa Bluetooth na huduma ya mahali kwenye simu. Anza na kifaa kimoja, karibu na rauta. Kubali marekebisho yote. Kisha kipe jina utakalotamka: "taa sebule", "feni mama". Jina la kiwandani lenye tarakimu nane litakutesa baadaye, hasa ukiwa na balbu sita zinazofanana.

Spika zenyewe bado zinataka maagizo kwa Kiingereza, kwa hiyo jaribu kutamka jina ulilochagua kabla ya kulizoea. Majina mafupi hushika vizuri.

Kifaa kiko tayari ukikiwasha na kukizima simu ikiwa kwenye data ya laini, Wi-Fi imezimwa. Rudia kwa vyote.

## Hatua ya 6: Viingize kwenye programu kuu

Kuna njia mbili, na karatasi yako ya hatua ya 1 ndiyo inayoamua.

Kuunganisha akaunti. Kwenye Google Home chagua kuongeza kifaa, kisha kundi la huduma zinazofanya kazi na Google, tafuta Smart Life, ingiza akaunti ile ile uliyotumia hatua ya 5. Vifaa vyote vitaingia kwa mpigo. Kama baadhi havionekani, karibu kila mara umefungua akaunti mbili: moja kwa barua pepe, nyingine kwa namba ya simu.

Matter. Simu iwe kwenye Wi-Fi ile ile ya kitovu, soma msimbo wa QR, subiri. Uzuri wa Matter ni kwamba kifaa kimoja kinaweza kuwa kwenye kambi mbili kwa wakati mmoja: mume na Google, mke na Apple, na taa ikawatii wote.

Hapa ndipo watu wanapofeli kuliko mahali pengine. Wakishaunganisha kwenye programu ya kwanza, wanafungua ya pili na kusoma msimbo ule ule wa kwenye boksi. Unakataa. Wanafuta kifaa kiwe kama kipya, kinaingia ya pili, kinapotea kwenye ya kwanza. Wanazunguka hivyo mpaka wanarudisha kifaa dukani. Msimbo wa boksi ni wa mara ya kwanza tu. Kwa kambi ya pili, fungua mipangilio ya kifaa ndani ya programu ya kwanza, chagua kukiunganisha na programu nyingine, itakupa msimbo mpya wa muda. Huo ndio uupeleke kwenye programu ya pili, na ufanye haraka, maana unaisha.

## Hatua ya 7: Wakaidi

AC za ukutani ambazo hazina Wi-Fi zinaamriwa kwa kifaa cha infraredi kinachojifanya rimoti. Kinafanya kazi vizuri, ila lazima kiione AC bila kizuizi, na hakijui AC ipo kwenye hali gani. Mtu akitumia rimoti ya kawaida, programu itaendelea kuamini AC imezimwa. Ficha rimoti ya kawaida au zoea tofauti hiyo.

Vifaa vya Xiaomi vilivyotengenezwa kwa soko la China havionekani kwenye programu mpaka ubadilishe eneo kuwa China bara. Ukibadilisha, vile vya eneo la zamani vinatoweka kwenye orodha, kwa sababu kila eneo lina orodha yake. Havijafutika. Ukirudisha eneo utavikuta.

Kamera ziache kwenye programu yake. Matter ya kwanza haikuwa na kamera kabisa, na kamera nyingi zilizoko madukani hazina Matter. Kama unanunua mpya, tafuta yenye ONVIF (lugha ya pamoja ya kamera za mtandao), itakubali kuungana na kirekodi cha kampuni nyingine. Na isielekezwe uani kwa jirani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

## Hatua ya 8: Kata umeme wewe kabla TANESCO hawajakata

Zima meni swichi kwa dakika moja, washa. Ipe rauta muda wa kuamka, kisha kagua kila kifaa. Balbu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwaka umeme ukirudi. Maana yake saa tisa usiku chumba cha watoto kitawaka kama uwanja wa mpira. Kwenye mipangilio ya kila balbu, chagua ikumbuke hali ya mwisho.

Kisha chomoa waya wa intaneti tu, Wi-Fi ibaki. Vya Matter na vile Home Assistant inavyoviamuru moja kwa moja vinaweza kuendelea kutii kutoka ndani ya nyumba, ingawa spika nyingi hazielewi sauti bila intaneti. Vilivyoingia kwa kuunganisha akaunti havitaitikia programu kuu wala spika, kwa sababu amri inasafiri hadi seva ya nje na kurudi. Ndivyo itakavyokuwa siku bando likiisha, kwa hiyo usiweke taa ya ngazi au ya geti kwenye kundi hilo bila swichi ya kawaida ya ukutani.

## Hatua ya 9: Ukirudi dukani

Usimuulize muuzaji "inafanya kazi na Google?" Atasema ndiyo. Sema: "Kaka, naomba boksi nisome." Tafuta alama ya Matter au maneno "Works with" ya kambi yako, volti, ampea, na 2.4 GHz. Kisha omba kiwashwe hapo hapo dukani. Mwenye mzigo mzuri hakatai.

Na ukihama nyumba ya kupanga, au ukimuuzia mtu plagi, futa kifaa kwenye programu zote mbili kabla ya kuking'oa. Vingine hubaki vimefungwa kwenye akaunti yako, na mwenye nacho mpya atakupigia simu usiku akiuliza nenosiri.